Maboksi 18 mepesi: kisa cha kutandaza kebo za mtandao katika jengo jipya Mombasa

Usuli

Jengo liko Mombasa, mahali ambapo upepo wa bahari hufika bila kupiga hodi na msumari ulioachwa nje wiki mbili huota kutu. Lina maduka chini na orofa nne za ofisi juu yake, umbo la herufi L. Jina la jengo, mtaa, mwaka na majina ya wahusika nimeyaondoa. Hesabu nimeziacha zilivyokuwa, maana kisa cha kazi hii bila hesabu ni porojo tu.

Mimi nilikuwa msimamizi wa kazi ya mtandao, nikiwa na mafundi sita na mwanagenzi mmoja. Kampuni yetu ilipewa kandarasi ndogo chini ya mkandarasi mkuu: pointi 312, kuanzia soketi ya ukutani hadi kwenye pachi paneli, yaani ubao wa soketi ulio katika chumba cha mtandao, pamoja na faiba ya kuunganisha vyumba vya mtandao. Nyingi zilikuwa za kompyuta na simu. Pointi 70 zilikuwa za kamera na vifaa vya waifai vinavyopata umeme kupitia kebo hiyo hiyo ya mtandao, yaani PoE. Hizo 70 ndizo zilizotuamulia mambo baadaye.

Mpangaji mkubwa alikuwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Watu wa kazi hiyo wakikosa mtandao asubuhi moja, kontena hukaa pale pale na gharama zikaendelea kuhesabiwa. Walipanga kuhamia baada ya Idi. Sisi tuliingia Januari, kaskazi ikiwa imeshika, na Ramadhani ilikuwa inaangukia katikati ya kazi.

Kwenye kikao cha kwanza mwenye jengo alisema neno ambalo nimelisikia mara nyingi mjini hapa: kebo za baharini zashuka hapa hapa Mombasa, intaneti yetu itakosaje kuwa kali? Ni kweli kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilianza kutoa huduma hapa mwaka 2009, na nyingine zimefuata. Lakini kebo ikivuka bahari nzima salama, bado yaweza kufia kwenye dari yako, mita 40 kutoka kwa meza ya karani.

Vyumba na mchoro

Mchoro wa kwanza ulikuwa na chumba kidogo cha mtandao kila orofa, kama kinavyopendekeza kiwango cha TIA-569, cha chama cha viwanda vya mawasiliano cha Marekani. Tulipoitwa, vyumba vitatu vilikuwa vimeshafutwa. Kimebaki kimoja chini, cha maduka na orofa ya kwanza, na kingine orofa ya tatu, cha kuhudumia ya pili, ya tatu na ya nne. Sababu ilielezwa waziwazi: chumba cha waya hakilipi kodi.

Nilipinga, lakini si kwa nguvu ya kutosha. Kwenye mchoro, pointi ya mbali kabisa ilikuwa pembe ya orofa ya nne, mita 86 kutoka chumba cha orofa ya tatu. Kanuni inayojulikana na kila fundi ni mita 90 za kebo ya kudumu, kisha mita 10 za kebo fupi za kuunganishia kwenye ncha mbili, jumla 100. Themanini na sita ni chini ya tisini. Nikaweka sahihi.

Uamuzi wa aina ya kebo nautetea mpaka leo. Mshauri alitaka Cat6A kila mahali, kwa sababu hiyo hubeba gigabiti 10 kwa sekunde kwa mita 100 nzima, ilhali Cat6 hubeba kasi hiyo hadi mita 55 tu hali ikiwa nzuri. Lakini paipu zilikuwa zimeshazikwa ndani ya zege kabla hatujafika, za milimita 25. Humo Cat6 nne hupita kwa raha. Cat6A ni nene zaidi, tatu tayari ni kusukumana. Kwa karani anayejaza fomu za forodha gigabiti 1 ni nyingi mno. Tukaafikiana Cat6 kwa pointi zote, na faiba ya OM4 kati ya vyumba, ambayo kwa gigabiti 10 hufika mita 400. Gharama ikashuka, mwenye jengo akafurahi.

Mzigo wa pili

Kwa wastani wa mita 45 kwa pointi, pointi 312 zinakula zaidi ya mita 14,000. Boksi moja lina mita 305, na kila boksi huacha kipande kisichofika popote. Tukaagiza maboksi 50.

Maboksi 32 ya mwanzo yalitoka kwa muuzaji tuliyemzoea. Akaishiwa. Mtu wetu wa manunuzi akapata 18 yaliyobaki kwenye duka lingine mjini, ganda la buluu vile vile, maandishi yale yale ya Cat6, alama za mita zikihesabika sawasawa, na bei imepungua kidogo. Kidogo tu. Ingepungua sana tungeshtuka.

Lori lilifika saa kumi jioni, wakati wa kufunga kazi. Mwanagenzi alikuwa anapandisha maboksi ngazini, mawili mawili, na hilo lenyewe lilikuwa jipya, kwani yale ya mwanzo alikuwa akibeba moja moja na kulalamika. Akamuuliza fundi mzee:

"Ami, mbona haya mepesi?"

"Leo umekula mahamri na mbaazi, mwanangu. Ndiyo nguvu hiyo."

Sote tukacheka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, kalamu mkononi, naweka sahihi kwenye hati ya kupokelea mzigo. Sikufungua hata boksi moja. Kesho yake nyaya zikaanza kuvutwa orofa ya nne.

Trei ni trei

Hili nalipitia kwa haraka, ingawa lilitugharimu siku tatu. Asubuhi moja orofa ya pili nikakuta trei yetu ya nyaya imejaa waya za stima za viyoyozi, zimelala juu ya kebo zetu kama kuni. Trei ya mafundi wa stima ilikuwa haijaletwa. Nikamtafuta msimamizi wao.

"Bwana, trei ni trei. Wewe una nyaya, mimi nina nyaya."

"Zako zina volti 240."

"Na zina ganda."

Kwa usalama wa mtu, ganda lamtosha. Kwa mtandao halitoshi, kwa kuwa waya wa stima unaolala sambamba na kebo isiyo na ngao kwa masafa marefu huipenyezea kelele, hasa mashine za viyoyozi zinapowaka na kuzima. Kugombana hakukusaidia. Kilichosaidia ni chai. Tulikaa naye, tukachora kwenye kipande cha jipsamu ni nani anapita wapi, na wapi tutakatizana kwa pembe mraba badala ya kwenda bega kwa bega. Akazihamisha zake. Mahali pawili ambapo nafasi haikuwepo tukaweka kizuizi cha bati katikati ya trei, kikaungwa kwenye waya wa ardhi. Baada ya hapo alikuwa mtu wetu wa karibu kuliko wote pale kazini.

Wembe

Wiki ya pili ya Ramadhani tulikuwa tumevuta maboksi 14 ya ule mzigo wa pili. Hiyo ni pointi 88, orofa ya nne yote na kipande cha ya tatu. Mkandarasi mkuu, akikimbizana na tarehe, alikuwa amefunga nusu ya dari ya orofa ya nne. Fomu yetu ya kuruhusu kufunga dari ilikuwa haijatiwa sahihi, lakini hilo halikumzuia.

Mwanagenzi alikuwa anaanza kufunga soketi. Kazi yenyewe ni ya mikono mepesi: unavua ganda, unafungua jozi nne, unaulaza kila waya kwenye mfereji wake wa rangi, kisha unaugonga na kifaa hadi meno ya chuma yaume. Alinijia na soketi mkononi.

"Waya wakatika. Hii ya nne sasa."

Nikadhani anagonga kwa nguvu kupita kiasi. Nikachukua mwenyewe, nikagonga. Ukakatika. Nikaushika waya mwingine, nikaukunja huku na huku kwa vidole: mara tatu, mara nne, ukavunjika. Waya wa shaba hauvunjiki hivyo, huo hukunjika kunjika mpaka uchoke wewe.

Fundi mzee hakusema kitu. Alitoa wembe wa kuvulia ganda, akauweka waya juu ya ukucha wa kidole gumba, akaukwangua mara mbili, akaugeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ya shaba iliondoka kama rangi ya pete ya barabarani. Ndani mlikuwa mweupe.

Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba. Tukaazima mizani ya jikoni kwenye mkahawa wa pili. Boksi zima la mzigo wa kwanza: kilo 12 na kidogo. Boksi zima la mzigo wa pili: kilo 8 na nusu. Hesabu yake si ngumu. Nyaya nane za unene wa 23 AWG, kama milimita 0.57, kwa mita 305 zina kama kilo 5 na nusu za shaba. Ukiziondoa na kuweka alumini yenye ngozi ya shaba tu juu, chuma chote kinakuwa kilo 2 hivi. Mahamri hayana hatia.

Uamuzi: kuziacha au kuzing'oa

Mkandarasi mkuu aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye tarehe shingoni angeuliza.

"Ukiziunga, zawaka?"

"Zawaka."

"Basi tatizo liko wapi?"

Tulikuwa na njia tatu: kuziacha zote, kung'oa zile za PoE peke yake, au kung'oa zote 88. Kabla ya kuamua nilikodi mashine ya kuthibitisha, ile ambayo mafundi huiita Fluke hata ikiwa ya kampuni nyingine, nikapima kebo tatu za alumini zilizokuwa tayari zimefungwa vizuri. Mbili zikapita.

Hapo ndipo nilipopata baridi kwenye joto la Machi. Nilitarajia mashine itazikataa, nami nitakuwa na karatasi ya kumwonyesha mkandarasi. Baadaye nilielewa kwa nini hazikukataliwa. Mawimbi ya kasi kubwa hayapiti moyoni mwa waya, hupita juu juu, kwenye ngozi yake, na ngozi ya waya huu ni shaba halisi. Kwa hiyo vipimo vya masafa ya juu, vile vinavyotisha watu, waya huu waweza kuvipita bila shida. Ukinzani wa umeme wa moja kwa moja ndio unaoufichua, kwani alumini hupitisha umeme kama asilimia 61 ya shaba. Lakini hata hapo kuna mwanya. Kikomo cha kebo ya kudumu ni omu 21 kwa jozi, kwenda na kurudi. Shaba ya mita 40 inakupa kama omu 5.3, na hii ya alumini kama 8.3. Zote ziko chini ya kikomo kwa mbali, na mashine inaandika imepita. Atakayegundua ni mtu anayeweka urefu na ukinzani kando kwa kando na kujiuliza mbona mita 40 zina omu za mita 60.

Nikamjibu mkandarasi kwa kutumia zile pointi 70. Kiwango cha kwanza cha PoE, cha 2003, hutoa wati 15.4 kwenye swichi, kile kifaa cha mtandao kinachotuma umeme huo. Cha 2009 ni wati 30. Cha 2018 hufika wati 90. Ukinzani ukipanda, sehemu ya umeme huo haifiki kwenye kamera, hugeuka joto njiani, ndani ya fungu la kebo 24 zilizobanana kwenye dari ambayo tayari ni moto. Isitoshe, alumini ikiguswa na hewa hujifunika utando usiopitisha umeme, na pale meno ya soketi yalipouma ngozi ya shaba imekwisha kupasuka. Kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, sikuona mguso ule ukimaliza miaka miwili bila kuanza kusumbua. Kiwango cha TIA-568 nacho hakina utata, kinataka waya wa shaba. Dhamana ya miaka mingi iliyoahidiwa kwenye mkataba ingekuwa karatasi tupu.

Njia ya kati, kung'oa za PoE tu, ilikuwa na mvuto kwa sababu orofa ya nne ilikuwa na za PoE 21 peke yake. Niliikataa. Soketi ya leo ya simu ni soketi ya kesho ya kamera, na fundi atakayekuja baada ya miaka mitatu hatajua ipi ni ipi. Tukang'oa zote 88.

Kung'oa

Mafundi wangu watano kati ya sita walikuwa wamefunga, na mchana ule dari ilikuwa tanuri. Tukahamisha kazi usiku: kuanza baada ya tarawehe, kumaliza wakati wa daku. Usiku tisa.

Kebo mbaya hazikuvutwa ovyo. Kila moja ilifungwa kamba ya nailoni kwenye mkia, ikatolewa taratibu upande wa pili, kamba ikabaki njiani, kisha kebo mpya ikafuata kamba. Kamba zenyewe tulikuwa tumeziacha kwenye kila paipu tangu mwanzo, mazoea tu ya fundi mzee, na sehemu zisizofungwa dari zikaenda haraka kwa ajili hiyo. Penye dari iliyofungwa tulifungua matundu 14. Kuvuta kwa pupa hakukuruhusiwa, kwani kebo ya jozi nne haitakiwi kuvutwa kwa nguvu inayozidi nyutoni 110, sawa na kuning'iniza kilo 11. Ukizidi hapo misokoto ya jozi hunyooka, na Cat6 bila misokoto yake ni waya wa kengele.

Kebo mpya safari hii ilifunguliwa kwenye geti. Kila boksi, wembe kwanza, ndipo hati ya kupokelea.

Kupima usiku, kupima mchana

Siku za mwisho za Ramadhani tulipima pointi zote 312, bado usiku. Zilizoanguka mara ya kwanza zilikuwa 20. Kumi na moja ni makosa ya kufunga: jozi zimefunguliwa misokoto sentimita tatu wakati mwisho ni milimita 13. Tano zilitobolewa na skrubu za watu wa jipsamu. Nne zilikuwa za fundi mmoja tuliyemwazima kwa wiki moja, aliyezoea mpangilio wa rangi wa T568A ilhali jengo zima ni T568B, na mbili kati ya hizo alichanganya waya wa jozi moja na wa nyingine kwenye ncha zote mbili. Hili la mwisho halionekani kwa testa ya taa. Taa nane zitawaka kwa zamu, moja hadi nane, kama kawaida. Mashine ya kuthibitisha hulikamata mara moja. Yote 20 tukayarekebisha kwa siku mbili.

Saba zikapita kwa nyota. Mashine ikiweka nyota kando ya neno la kupita, maana yake matokeo yako karibu mno na kikomo hata kipimo chenyewe hakiwezi kuapa. Zote saba zilikuwa za ile pembe ya orofa ya nne. Mita 86 za mchoro zilikuwa zimekuwa 88 na 89, kwa kuzunguka boriti na kuacha mzunguko wa akiba. Tukaziandika zimepita.

Mshauri wa mpangaji alikuja siku ya pili, mtu mtaratibu, na kipimajoto mfukoni.

"Samahani ndugu yangu, hizi zilipimwa saa ngapi?"

"Saa tano usiku."

"Twende tuzipime tena sasa."

Ilikuwa saa nane mchana, viyoyozi havijawashwa. Juu ya dari kipimajoto kilisoma digrii 44. Usiku tulikuwa tumeona 31. Kati ya zile saba, tatu zikaanguka mbele yake.

Mita 90 zile za kanuni ni za digrii 20. Kila digrii inayoongezeka, mawimbi hupotea zaidi ndani ya kebo: kama asilimia 0.4 kwa digrii hadi kufika 40, na 0.6 baada ya hapo. Kwa hiyo kwenye digrii 40 kebo isiyo na ngao yaruhusiwa kama mita 84, na kwenye 45 kama 82. Jedwali hilo nilikuwa nalijua. Niliwahi kufundishwa, nikalijibu kwenye mtihani. Sikulifungua siku ile ya kuweka sahihi kwenye mchoro wa vyumba viwili, na kupima usiku kukaniongezea pazia.

Suluhisho lilipatikana kwa mtu ambaye hakuwahi kuitwa kwenye kikao. Mama anayesimamia usafi wa jengo alitusikia tukibishana kwenye korido ya orofa ya nne, akauliza kama stoo yake ya mafagio yaweza kutufaa, kwa kuwa yeye amepewa nyingine kubwa zaidi chini. Stoo ilikuwa ya mita moja na nusu, hatua chache kutoka kwenye trei iliyopitisha zile kebo saba. Tukatundika humo kabati dogo la ukutani, tukakata zile saba na nyingine 17 za upande huo, tukazifunga upya humo, na kupandisha faiba ya OM4 kutoka orofa ya tatu. Ndefu kuliko zote ikawa mita 41. Mlango wa stoo tukautia wavu wa hewa juu na chini, na feni moja. Mwenye jengo hakudai kodi ya stoo.

Matokeo

Mpangaji alihamia siku 9 baada ya tarehe. Tulilipa faini ya kuchelewa, gharama ya kebo mpya na mishahara ya usiku tisa. Mkandarasi mkuu alilipia kufungua na kufunga dari, baada ya mabishano marefu, kwa sababu fomu ya kufunga haikuwa na sahihi yetu na picha za simu za kila siku zilionyesha dari ikiwa wazi juzi na imefungwa leo. Duka la mzigo wa pili lilikataa kupokea hata maboksi manne ambayo hatukuyagusa. Walisema hati ina sahihi ya kupokea mzigo ukiwa sawa. Sahihi ilikuwa yangu.

Mwaka mmoja baadaye tuliitwa kwa pointi mbili tu: moja ilikuwa imelowa maji ya kiyoyozi, nyingine ililiwa na panya.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilifanyika kwa nusu dakika, kwenye geti, saa kumi jioni. Kupima boksi kwa mizani na kukwangua waya mmoja kungechukua muda mfupi kuliko kuandika jina langu. Dalili ilikuwepo, na ilisemwa kwa sauti, na aliyeisema alikuwa ndiye pekee aliyeubeba mzigo wote kwa mkono. Tulimcheka kwa sababu ni mwanagenzi. Angelisema hayo mkandarasi, boksi lingefunguliwa pale pale.

La pili, na hili watu wa fani wanabisha nami, ni imani yetu kwa mashine. Mashine ya kuthibitisha ni ghali, tunaikodi kwa siku, kwa hiyo tunaiweka mwisho wa kazi na kuifanya hakimu. Kwetu ilitakiwa kuja mara mbili. Siku ya tano tu, pointi kumi za mwanzo zingepimwa, tungeona sentimita tatu za misokoto iliyofunguliwa kabla kosa halijarudiwa mara kumi na moja. Na hata hivyo alumini ingeweza kupenya. Karatasi yenye neno la kupita haisemi waya ni wa nini.

Kupima usiku sikuwahi kufikiria kuwa ni kosa, kwani kila mtu alikuwa na sababu njema. Sasa pointi yoyote inayozidi mita 75 kwenye dari isiyo na kiyoyozi naipima baada ya adhuhuri, na ripoti inaandikwa digrii za dari kando ya matokeo.

Kuhusu vyumba, sijui kama ningeshinda hata ningebisha zaidi. Labda ningeshinda kama ningekuja na jedwali la joto badala ya jina la kiwango, maana mwenye jengo ni mtu wa hesabu na joto la dari yake analijua. Kilichotuokoa ni stoo ya mafagio, na stoo ya mafagio haimo kwenye mpango wa mtu yeyote.

Yaliyokwenda vizuri yalikuwa madogo na ya mazoea: kamba za nailoni kwenye paipu, picha za kila siku, lebo kwenye ncha zote mbili kabla ya kuvuta, chai na mtu wa stima. Uamuzi wa kung'oa zote 88 ulikuwa wa gharama, na bado sina shaka nao.

Mabaki

Kebo zilizong'olewa, pamoja na yale maboksi manne, zilikaa chini ya ngazi mpaka baada ya Idi. Tukaita mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni. Alikuja na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Mwanagenzi akamsogezea robota la kwanza. Mzee yule hakulitia kwenye mizani. Alilinyanyua kwa mkono mmoja, akalirudisha chini, akatoa kisu kiunoni na kuukwangua waya mmoja juu ya ukucha.

"Hii nalipa bei ya alumini," akasema.